Mkalimani Aliyengoja Kuitwa

Sogeeni, ila ingieni kwa zamu, maana chumba chenyewe hakituenei. Ni hatua tatu kwa nne, na hapo umehesabu na meza. Kuta zimebandikwa trei za mayai toka sakafuni mpaka darini, dirisha limezibwa kwa godoro kuukuu, na mlangoni linaning'inia blanketi zito la kijivu. Ukishaingia na blanketi likashuka nyuma yako, unasikia mate yako yakipita kooni. Mezani kuna kompyuta, kipaza sauti kilichovishwa soksi ya mtoto ili pumzi zisivume, na hedifoni iliyolika sifongo upande wa kushoto. Humo ndimo Mkalimani alimoketi miaka kumi na sita, akiwasemea watu wa mbali maneno ambayo mengi yao hawakuyasema.

Kazi yake ilikuwa kutia sauti kwenye filamu. Filamu inakuja na lugha yake isiyoeleweka, chini yake maandishi madogo yanapita mbio kama panya aliyeona paka. Mkalimani alisoma nusu, nusu akakisia, na yote akayamwaga kwa lugha ya mtaani. Yeye ndiye jambazi, yeye ndiye askari, yeye ndiye bibi harusi anayelia, na farasi akikosa mtu wa kumsemea, farasi pia ni yeye. Siku moja aligeuza mazishi yakawa harusi kwa sababu watu walivaa nguo nyeupe, na hakuna mteja aliyerudisha kopi.

Ukuta wa pili ulikuwa wa fundi wa kuchomelea mageti. Mashine yake ya kukatia vyuma ikiwaka, hata trei elfu za mayai zisingesaidia kitu. Kwa hiyo walikuwa na mapatano: saa saba mchana fundi anazima mashine, anatandika boksi chini ya kivuli cha bati, analala. Saa tisa anaamka na kuwasha. Saa mbili hizo ndizo zilikuwa mali ya Mkalimani. Filamu ikitaka kuingia mtaani jioni ileile, iliingizwa sauti kwa mkupuo mmoja, bila kutazamwa kwanza na bila kurudia.

"Huogopi kuanza safari usiyoijua?" fundi alimuuliza zamani.

"Filamu zote ni ndugu wa tumbo moja," alijibu. "Kijana anatafutwa, anakataa, anaitwa tena, anakubali, anapigwa, anashinda. Tofauti ni nguo tu."

Na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Wakalimani wengine walitupia vichekesho. Yeye alitupia Neno. Mzee mwenye ndevu akinyanyua kidole na kumwambia kijana kwamba ni yeye, Mkalimani hakupita hapo hivihivi. Shujaa akipanda meli kukimbia kazi yake na bahari ikachafuka, wasikilizaji walikumbushwa yule aliyemezwa na samaki kwa kukimbilia upande usio wake. Mdogo kuliko wote akichaguliwa, wakubwa wakaachwa, waliletewa yule mchunga kondoo na kombeo lake. Alikuwa na maneno aliyoyatunga mwenyewe na kuyapenda: "Kabla hujapewa sura, kazi yako ilikuwa imeshakaa inakungoja." Na lile la sauti nzito, linalotoka chini ya mbavu: "Unaweza kukimbia nyumbani, kijana, lakini aliyekuita anajua mlango wa nyuma."

Watu walifika kwenye duka lililouza filamu zake wakasema, "Nipe ile yenye mahubiri." Vijana wa kanisa walizitazama Jumamosi mchana, wakisimamisha katikati na kuulizana: hapa wito uko wapi? Hatima iko wapi? Huyu angekataa, nani angeokoa mji? Mwanamke mmoja alimsimamisha Mkalimani barabarani kumshukuru. Alikuwa ameacha kazi ya hoteli akasomee uuguzi, kwa sababu ya filamu ya dereva wa malori aliyekuja kuwa mfalme. Mkalimani alitabasamu, akamtakia heri, akaharakisha kuondoka kabla hajaulizwa wito wake yeye.

Maana, ndugu zangu, yeye mwenyewe hakuwa ameitwa.

Sasa hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, mnivumilie. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake. Hata mmoja hakufika kuota jino. Mimba ya nne ilipoingia alikuwa na miaka ishirini na miwili, na siku moja ya katikati ya wiki alikwenda kanisani peke yake, akapiga magoti pale mbele, huku mwanamke anayefagia akiwa bado na ufagio mkononi. Akasema: huyu akiishi, ni wako, atasimama hapahapa akihudumu. Alikuwa amesikia habari za yule mwanamke wa zamani aliyekosa mtoto, akalia hekaluni mpaka kuhani akamdhania mlevi, akapewa mwana na kumrudisha kwa aliyempa. Alifanya vilevile.

Mtoto akaishi. Kwenye cheti ana jina kama watu wote, lakini mama alimwita Nadhiri, na hilo ndilo alilokua nalo nyumbani. Kupanda miti, marufuku. Kuogelea, marufuku. Mpira, atazame kwa mbali. Homa ikimpanda, mama alikaa ukingoni mwa kitanda akimwangalia kama mlinzi anayelinda mzigo wa watu. Na kuna neno moja hakuwahi kulisikia. Akina mama wote mtaani waliwaita watoto wao mwanangu, mwanangu njoo, mwanangu kula. Yeye aliambiwa, "Wewe si wangu. Nimeazimwa tu."

Shule ya uchungaji alikaa mwaka mmoja. Macho ya mama yalipoanza kusumbua alirudi nyumbani, akakaa kwenye chumba cha trei za mayai kwa muda, wakati anajipanga. Huo muda ndio miaka kumi na sita.

Na jambo ambalo hakumwambia mtu ni hili. Tangu utotoni alijua kwamba yule mwana wa hekaluni hakutolewa na mama yake tu. Baadaye aliitwa. Alikuwa amelala, akasikia jina lake, akakimbilia kwa kuhani akidhani ni yeye, mara tatu. Basi mtoto huyu naye alilala akisubiri. Alisikia paka. Alisikia bomba likidondosha. Alisikia mama akigeuka kitandani. Akakua, akaoa, akavaa hedifoni, akawa mtu wa kusikiliza kwa kazi, na kila filamu ilipofika kwa mzee na kidole chake, alinyamaza nukta moja kabla ya kusema. Watu walidhani ni ufundi. Alikuwa anategea sikio.

Mama naye alikuwemo humo chumbani. Presha ya macho ilimpofusha kabisa miaka sita iliyopita, na filamu alizipenda, kwa hiyo alikaa nyuma ya mwanawe kwenye kigoda, mgongo ukutani, akiona kwa sauti yake. Sharti lilikuwa moja: asikohoe, asiseme. Kikohozi kikimjia aliuma pindo la mtandio mpaka kipite.

Wiki ninayoisimulia ilianza na koti.

Jumatano mchana mzee wa kanisa alifika nyumbani nalo, likiwa kwenye mfuko wa nailoni. Huyu mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mpaka leo anasema kila jambo kana kwamba anaita majina ya darasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Mchungaji wetu amestaafu. Hilo unalijua. Jumapili hii tunakuwekea mikono uwe msaidizi, masomo utamalizia ukiwa kazini. Hilo hulijui. Koti hili ni lake, amelitoa kwa moyo mweupe. Mkeo ni fundi cherehani, atalipunguza."

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono magotini. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Mzee," alisema Mkalimani, "mimi nadhani kuna vijana wenye... wenye uhakika zaidi."

Mzee alicheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa anasubiri mpira uje hapohapo. "Nilijua utasema hivyo! Shujaa lazima akatae mara ya kwanza. Si wewe uliyetufundisha? Filamu ya yule mvuvi wa barafu: 'Anayesema hastahili ndiye aliyeandikwa.' Sauti yako hiyo! Vijana wameinakili ukutani."

"Ile ilikuwa filamu, mzee."

"Na ile ya dereva? 'Aliyekuita anajua mlango wa nyuma.' Sasa mimi nimepita mlango wa mbele, tena mchana. Unataka nini zaidi?"

Mkalimani alifungua mdomo akakuta kila jibu alishalifunga mwenyewe, filamu moja baada ya nyingine, miaka kumi na sita akipiga misumari kwa mkono wake.

Ndipo mama akasema, taratibu, akielekeza uso pale alipodhani mwanawe amekaa. "Nadhiri. Mimi nimelala jicho moja miaka arobaini na moja. Ukichelewa kurudi, najisemea, leo Mungu amekuja kuchukua chake. Ukikohoa, nasema ndiyo hii. Acha nilale, baba. Jumapili nitalala."

Mkalimani aliangalia mikono yake. "Nimesikia, mama," alisema.

Kusikia si kukubali, lakini mzee wa kanisa alishasimama anapiga makofi, na mama alishaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, mkewe alimsimamisha katikati ya sebule akamvalisha lile koti. Alimzunguka na pini mdomoni, akavuta huku, akakunja kule.

"Mchungaji alikuwa mtu mnene au alikuwa anaficha mtu humu?" alisema. "Humu unaenea wewe, na wewe mwingine, na mtoto mgongoni."

"Punguza."

"Nikipunguza sana mabega yanakwenda upande. Kuna nguo inakubali kupunguzwa na kuna nguo ina mwenyewe." Akamtazama kwa chini. "Una nini? Umevaa koti kama umevaa kabati."

"Hivi mtu anajuaje kwamba ameitwa?"

Mkewe alitoa pini mdomoni. "Ala! Mji mzima umeacha kazi za hoteli kwa ajili yako, halafu unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Basi mwambie mama ukweli."

"Nikimwambia sitaki, yeye hasikii kwamba sitaki. Anasikia kwamba nakufa. Unaelewa? Wale watatu walikufa bila sababu. Mimi nitakuwa nimempa Mungu sababu."

Mke alirudisha pini mdomoni. Alipiga magoti akaendelea na pindo, na Mkalimani akasimama ndani ya koti la mtu mwingine, mikono imenyooshwa kama ya kitu cha kutishia ndege shambani.

Ijumaa ikafika, siku ya filamu yake ya mwisho. Mwenye duka alikuwa ameitafuta filamu hiyo kwa wiki tatu: watu wa panga, milima, theluji, na mfinyanzi kijana ambaye mama yake alimtoa kwa watawa wa vita akiwa mchanga. Mkalimani alisoma jalada mara mbili. Hata hivyo alimshika mama mkono, akamwongoza mpaka kwenye kigoda.

Fundi wa kuchomelea alichungulia. "Mchungaji! Naizima kwa mara ya mwisho? Niachie basi japo godoro la dirishani, nimechoka na boksi."

"Zima bwana, saa saba hii."

"Usinilaani, nimezima."

Blanketi likashuka. Taa nyekundu ikawaka.

Niwaambie kweli, hakuwahi kutia sauti kama siku hiyo. Mtawa mzee alipopanda mlima kumfuata yule kijana kwenye udongo wake, Mkalimani alimpa sauti ya radi. "Vyungu vyako vitapasuka, kijana, lakini jina ulilopewa halipasuki!" Kijana alipokimbia, alimkimbiza kwa maneno. Alipokubali upanga, alimlilia kwa furaha. Alikuwa anahubiri kama mtu anayejisukuma mwenyewe kupita mlango mwembamba, akiamini kwamba akipaza vya kutosha, huenda bega lingepita. Nyuma yake mama alikuwa anapumua haraka haraka. Mara moja Mkalimani alimsikia akisema "Amina" kwa pumzi tu.

Ikafika saa nane na nusu. Jeshi la adui liko ng'ambo ya daraja. Mtawa mzee amekufa. Mfinyanzi ametangulia mbele ya wote, upanga umeinuliwa, theluji inaanguka, ngoma zinapigwa, na Mkalimani ameshavuta pumzi kwa ajili ya mahubiri makubwa kuliko yote.

Kijana akauweka upanga chini.

Akauweka polepole, juu ya mbao za daraja, akarudi nyuma hatua tatu. Katika kundi la wapishi akatoka binti aliyekuwa anamenya mboga tangu filamu ianze, binti ambaye Mkalimani hakumpa hata sentensi moja. Akauinua. Jeshi zima likapiga goti. Na mfinyanzi akageuka, akaanza kuteremka mlima.

Mkalimani alikaa kinywa wazi. Kwenye kioo midomo ilikuwa inacheza, maandishi yanapita, na chumbani kimya.

"Kijana..." alisema, "kijana anaupumzisha upanga kidogo. Mkono umemchoka."

Nyuma yake kigoda kililia. Mama alikuwa ameinama mbele.

Alijua anaweza kudanganya. Nani angemkamata? Mteja angeona mtu anateremka mlima, angeambiwa anakwenda kuita wenzake. Na mama hakuwa na kitu cha kushika isipokuwa sauti hii. Akisema mfinyanzi ameshinda, ameshinda. Jumapili ingefika, koti lingevaliwa, mama angelala. Aliendelea, "Anashuka sasa, anakwenda kuleta jeshi kubwa zaidi, maana aliyekuita..." na hapo maneno yalimkwama. Alikuwa ameyasema mara elfu.

Kwenye kioo kijana amefika nyumbani. Mlango wa mbao. Mwanamke mwenye mvi anafungua. Kijana anapiga magoti kwenye theluji, na chini yanatokea maandishi, mafupi kuliko yote ya siku hiyo, hata mtoto wa darasa la tatu angeyamaliza: Mama, sikuitwa.

Mkalimani aliyasoma yote. Hapakuwa na nusu ya kukisia.

"Mama," alisema, kwa ile sauti nzito ya shujaa. "Sikuitwa." Halafu uzito ukaisha, ikabaki sauti anayoitumia kuomba chumvi mezani. "Nilingoja. Tangu mdogo nalala nikisikiliza. Nilisema labda leo, labda nikikua, labda nikioa. Kila siku nawaambia watu wameitwa, nami nategesha sikio nisikie langu. Sijasikia, mama. Wewe ulinitoa, ni kweli. Lakini hakuna aliyeniita."

Yule mwanamke wa mlangoni akafungua kinywa kumjibu mwanawe. Maandishi yalitokea, yakakaa, yakaondoka. Mkalimani hakuyasoma. Macho yake hayakuwa yanasoma kitu.

Ndipo mama yake akavunja sharti la miaka sita.

"Ni yeye anayesema, au ni wewe?"

"Kwenye picha ndivyo ilivyo, mama. Ameweka upanga chini. Amerudi nyumbani."

"Sikuuliza picha."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Ilibaki robo saa fundi aamke.

"Ni mimi."

Alimsikia akihema. Hakugeuka, aliogopa kuona uso wake, ingawa yeye hakuweza kuuona wa kwake. Mikono aliiweka juu ya meza, pembeni ya kipaza sauti.

"Na akija kukuchukua?" mama alisema.

"Nina miaka arobaini na moja, mama."

"Wale hawakufika hata mmoja."

"Najua."

"Hujui. Uliwaona wapi? Mimi ndiye niliyewashika." Kisha, kwa sauti ya mtu anayepapasa kitu gizani chini ya kitanda: "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliogopa, ndiyo nilifanya. Nilitoa kitu ambacho hakijazaliwa, sembuse kuulizwa." Akakohoa. Hakuuma mtandio. "Huyo mama wa kwenye filamu anamwambia nini mtoto wake?"

"Sikuona. Maandishi yamepita."

"Rudisha nyuma."

"Hairudi, mama. Ni mkupuo mmoja."

"Haya. Basi na atafute lake la kusema, kila mtu na mtoto wake."

Majina ya waigizaji yalianza kupanda kwenye kioo. Ukuta wa pili mashine ikaguruma, saa tisa kamili, trei za mayai zikatetemeka, na wakakaa humo wote wawili bila kuweza kusikilizana hata kama wangetaka kusema.

Jumamosi ilikuwa ngumu. Filamu ya mfinyanzi hakuipeleka dukani, alimwambia mwenye duka sauti imeharibika. Mama hakula asubuhi, na mchana alikula kidogo akiwa ameupa ukuta uso. Mke alimaliza kulipiga pasi lile koti akalitundika mlangoni, maana hakuna aliyemwambia aache. Kila aliyepita sebuleni ilibidi alikwepe. Mara mbili Mkalimani alisogea kwenye kiti cha mama, mara mbili aliambiwa, "Usinihimize." Akarudi kukaa. Akajisemea, nimemvunja mtu mzee kwa maneno ya mfinyanzi. Akajisemea tena, kesho nitavaa koti, yaishe. Alilivaa hata, peke yake, akafunga vifungo vyote vitatu, akakaa nalo kitandani mpaka mkewe akamkuta.

"Vua," alisema mkewe. "Unalikunja."

Jumapili mama aliamka wa kwanza, akaomba gauni lake la bluu. "Utanishika mkono mpaka mbele," alimwambia mwanawe. "Palepale nilipopiga magoti. Utaniambia nikifika mbele ya ngazi, upande wa kushoto, kulikuwa na nguzo."

"Utasema nini, mama?"

"Nadhiri niliweka mimi. Wewe shika mkono."

Kanisa lilijaa. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama na karatasi yake, tayari kuita. Mkalimani alipita katikati ya viti akiwa na shati lake la kawaida, koti amelikunja juu ya mkono mmoja, mama kwenye mkono wa pili. Walipofika kwenye nguzo alimnong'oneza, akamwachia. Mama akapapasa nguzo kwa kiganja, akajua kwamba ndipo. Watu wakadhani anakuja kushukuru.

Hakuwatazama watu. Alitazama juu, kwa macho yake yasiyoona.

"Huyu nilisema ni wako," alisema. Hakupaza sauti, waliokuwa nyuma iliwabidi waambiwe baadaye. "Nilisema kwa woga. Sijaja kukunyang'anya. Ila ukimtaka, mwite wewe, nyumba yetu unaijua na jina lake unalijua. Mimi nimechoka kumwita kwa niaba yako."

Mzee wa kanisa alishusha karatasi. Vijana wa Jumamosi walitazamana. Filamu zote walizotazama, hawakuwahi kuona hii.

Mama akanyoosha mkono hewani, ukamkosa, ukanyooka tena. "Uko wapi? Twende, mwanangu."

Mkalimani alichelewa kuushika. Si kwamba hakuuona. Alikuwa kwanza anasikiliza neno lile likishuka.

Mambo hayakunyooka yote, msidhani. Mzee wa kanisa hakumsalimia kwa miezi miwili, na vijana walifuta maandishi yao ukutani. Koti lilirudishwa, na yeye kila akiona mtu amelivaa anaona aibu kidogo, hajui kwa nini. Homa ikimpata, mama bado anakuja na kukaa ukingoni mwa kitanda. Na Mkalimani, mzee wa kwenye filamu akinyanyua kidole, bado ananyamaza nukta ile moja.

Lakini Jumatatu ile, saa saba, fundi alizima mashine, blanketi likashuka, ikaanza filamu ya mapango na mazimwi. Baada ya nusu saa hivi, nyuma ya mgongo wake, kwenye kigoda cha mama, Mkalimani alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu azaliwe. Hakugeuka. Alishusha sauti ya shujaa, akashusha ya mfalme, akatia sauti filamu yote iliyobaki kwa kunong'ona.

Siku ya pili mwenye duka alimpigia simu.

"Mkalimani, watu wameipenda kweli. Ila niambie, ule mkoromo wa zimwi pangoni umeutoa wapi? Unatisha, tena unaendelea mpaka zimwi limeshakufa!"

"Acha hivyohivyo," alisema Mkalimani. "Usiukate."